Kete Haifi

Desemba iliyopita mtoto wa marehemu dada yangu alikuja kunisalimu hapa Mkonze, akitokea Uingereza anakofanya kazi ya uhandisi. Baada ya chakula aliniomba ruhusa ya kuondoa vyombo mezani, akatandika kitambaa cha kijani, kisha akafungua sanduku dogo lenye vyumba vyumba kama la fundi saa. Ndani yake walilala askari wa plastiki, kila mmoja mfupi kuliko kidole changu cha shahada, wamepakwa rangi kwa brashi nyembamba kiasi kwamba vifungo vya makoti yao vilihesabika. Kumbe alikuwa amewapaka mwenyewe, usiku baada ya usiku, majira ya baridi.

Aliwapanga pande mbili, akatoa utepe wa kupimia na dadu, akaanza kunieleza. Kikosi hiki huenda inchi sita kwa zamu moja. Kile chenye farasi huenda mara mbili yake. Mlima, nao ulikuwa kamusi yangu iliyofichwa chini ya kitambaa, hupunguza mwendo. Risasi ikitoka, dadu ndiyo huamua imempata nani. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Akaniambia kwamba huko aliko watu wazima wenye wajukuu hukutana Jumamosi kupigana vita vya namna hiyo kwa saa nne au tano, na kwamba yeye, aliyefika ugenini hamjui mtu, marafiki wake wa kwanza aliwapata mbele ya meza kama ile. Akataja na mengine aliyoyachuma: subira ya kupaka rangi, mazoea ya kusoma kanuni hadi mwisho kabla ya kubishana, na ujasiri wa kushindwa mbele za watu kisha kumpa mshindi mkono. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza sifa za shule aliyoisoma yeye mwenyewe, ila imebadilishwa jina.

Kisha askari wake watatu wakapigwa. Akawaokota, akawaweka pembeni.

"Hawa waliokufa wanakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Wanarudi sandukuni, Mama mdogo."

"Hawarudi tena vitani?"

"Hawarudi, hadi mchezo mwingine."

Nikamwambia kwamba katika vita vya mezani vya kwetu kete haifi. Akatabasamu kwa adabu, akaendelea kurusha dadu. Mimi sikuendelea kuuona mchezo wake. Nilikuwa na jambo langu moyoni, lenye umri wa miezi saba, nami nitalieleza mbele.

Ndugu malenga mnaolijua bao mtanivumilia kidogo, maana wapo vijana walioliona tu likiwa limetundikwa ukutani hotelini kama pambo. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane. Safu mbili ni zangu, mbili ni zako. Zangu mimi mashimo kumi na sita, zako wewe kumi na sita. Kete ni 64, na pwani huwa ni komwe, zile mbegu ngumu za rangi ya kijivu. Katika safu ya mbele kila mchezaji ana shimo moja la pembe nne liitwalo nyumba. Mchezo unapoanza, nyumbani huwekwa kete sita, na mashimo mawili yaliyo kuume kwake huwekwa mbili mbili. Ishirini na mbili zilizobaki hukaa mkononi. Hatua ya kwanza ni kunamua: unatia kete moja moja kutoka mkononi, na shimo lako la mbele ulilolitia likiwa na kete, na la adui linalolikabili likiwa nazo, unazila za kwake, yaani unazichukua na kuzisambaza upande wako kuanzia kichwani, shimo la mwisho la safu ya mbele. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu yako imelala. Mkono ukiisha huingia hatua ya pili, mtaji, ambamo huna akiba tena bali unaishi kwa kile kilicho ubaoni. Anayemalizwa safu ya mbele, au anayekosa pa kucheza, ameshindwa.

Tazameni sasa lililonifanya nimwulize yule kijana swali lile. Kete zote ni za rangi moja. Hakuna nyeupe na nyeusi kama za sataranji, hakuna sare, hakuna bendera. Kete ni yangu kwa sababu tu imekaa shimoni mwangu, na ukiila haiondoki ubaoni. Inahamia kwako na zamu hiyo hiyo inaanza kukufanyia kazi. Mwisho wa mchezo zimo 64 zile zile, hata moja haikuzikwa. Nimecheza mchezo huu zaidi ya miaka hamsini, na jambo hilo sikuwahi kulitamka kwa maneno hadi siku ile mbele ya wafu watatu wa plastiki.

Na msamiati wake! Wanaosema Kiswahili hakina istilahi za mikakati waketi barazani alasiri moja. Kunamua ni ndugu wa kunasua: unaitoa kete kifungoni mwa kiganja. Kutakata ni kucheza bila kula, pale pasipo cha kuliwa. Mtu anajisafisha tu, anajipanga. Kulala tumekuona. Kuna kimbi, shimo la pili kutoka pembeni. Kuna safari: kete ya mwisho ya mlo wako inapoangukia nyumbani kwako wakati wa kunamua, una hiari ya kulala hapo au kuivunja nyumba na kusafiri na kete zake zote kuzunguka upande wako. Ni neno lile lile la msafiri, lenye tamaa yote na hofu yote ya mwenye nyumba anayefunga mlango. Na mtaji ni neno lile lile la mfanyabiashara. Nilipokuwa kazini kila mwisho wa mwezi nilitia kete moja ubaoni, nyingine zikiwa mkononi kwa mwajiri. Nilipostaafu nikafunua kiganja nikakikuta kitupu, nikajua nimeingia mtaji.

Liko lingine ambalo nalisema kwa tahadhari. Shairi letu la kawaida lina vipande vya mizani nane, na mshororo wenye mizani kumi na sita, kama mashimo ya mchezaji mmoja. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na minne mara kumi na sita ni 64. Ubeti mmoja uliotimia una mizani sawasawa na kete za bao zima. Sidai kwamba aliyechonga wa kwanza alikuwa malenga, wala kwamba malenga wa kwanza alihesabu kwa komwe. Mambo hukutana bila kuitana. Lakini Muyaka bin Haji wa Mombasa aliutungia mchezo huu shairi, na simwoni mtu yule akikosa kuliona jambo hilo.

Nilizaliwa kijijini, mbali na pwani ya komwe. Bao letu lilikuwa mashimo yaliyochimbwa ardhini chini ya mkwaju, na kete zetu zilikuwa mbegu za ubuyu, ambazo zina ubaya mmoja: mbuzi huzipenda. Babu, mzaa baba, alijifunza bao la Kiswahili akifanya kazi relini, akalileta Ugogo pamoja na kofia na kikohozi. Alinifundisha mimi kwa sababu ndugu zangu wa kiume walikuwa machungani. Huo ndio ukweli. Hakukuwa na maono yoyote kuhusu elimu ya mtoto wa kike. Alihitaji mtu wa kukaa upande wa pili.

Njia yake ya kufundisha nimeitafuta baadaye katika vitabu vyote vya ualimu nisiione. Alinieleza kanuni mara moja tu. Kisha akawa ananiacha nicheze hadi nianze kumzidi, na nilipokuwa nimejaza nyumba, nimemkausha safu ya mbele, najiona mshindi, ananyosha kidole na kusema neno moja: "Hama." Tunabadilishana nafasi. Mimi nakwenda kukaa kwenye kigoda chake na ufukara wake. Yeye anakaa kwangu na utajiri wangu. Mara nyingi sana, kutoka kwenye ufukara ule ule, nilikuta kuna kete mbili zilizosahauliwa mahali ambapo, nikiwa upande wangu, nilipaona kama ukingo wa dunia. Na mara nyingi sana yeye, akiwa na utajiri nilioukusanya mimi, alinionyesha kwamba ulikuwa umejaa mitego: katika bao kula ni lazima, mwenye cha kula hawezi kukataa, na mwerevu humlisha adui yake mpaka shibe yenyewe imfikishe pabaya.

Nilikuwa na miaka tisa. Nililia mara nyingi. Hakunibembeleza, wala hakuniambia kwamba kushindwa ni jambo jema.

Chuoni, mwaka 1982, nililikuta bao nyuma ya bwalo la chakula, limezungukwa na wanachuo wanaume. Nilisimama pale wiki tatu. Mwanamke kusimama kutazama ilikuwa halali. Kuketi ilikuwa kioja. Siku moja mmoja wao, mtani wangu Mhehe wa Iringa, alifanya hesabu vibaya, nami nikasema kwa sauti kabla hajaifikisha kete ya mwisho kwamba atalala kimbi. Akalala kimbi. Kukawa kimya. Akainuka, akanipisha kigoda, akasema Mgogo aliyezoea kuhesabu ng'ombe wa wenzake hashindwi kuhesabu kete. Nikamjibu kwa utani unaostahili, ambao mwanamke wa umri wangu hauandiki. Tulicheza miaka yote miwili.

Baadaye darasani nililitumia bao kwa njia ambayo mkuu mmoja wa shule hakuipenda. Aliona ni mchezo wa wavivu wa vijiweni na akaamuru ubao uondolewe maktaba. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili mizani za ushairi, na wale walioshindwa kuhesabu silabi kwa kalamu walizihesabu kwa kete bila kukosea. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao, nikamkumbusha mkuu wangu hilo. Akasema Mwalimu Nyerere hakuwa na mitihani ya taifa ya kusahihisha. Ubao ukaondolewa.

Kwa kuwa nilifundisha pia historia, naomba nirudi kidogo kwa askari wa mpwa wangu. Mchezo wake una ukoo. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wake wa jeshi mchezo wa vita wenye ramani, vipande vya kusogeza, dadu na mwamuzi, wakaupenda kiasi cha kuufanya somo la maofisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akachapisha kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa bati sakafuni. Jalada lake liliwakaribisha wavulana wa umri wowote na wasichana pia, ila wale wa aina maalumu wenye akili za kupenda michezo ya wavulana. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Lakini mwishoni mwa kitabu Wells anasema jambo zito, kwamba mtu akishacheza vita hivyo mara chache atatambua jinsi vita halisi vilivyo upuuzi mkubwa uliopita kiasi.

Mwaka uliofuata vikaanza. Wajerumani waliofunzwa kwa ramani na dadu, na Waingereza wa nchi ya Wells, wakaja kupigania Ugogo. Julai 1916 majeshi ya upande wa Uingereza yaliingia Dodoma. Kila upande ulipopita ulichukua ng'ombe, ukachukua nafaka, ukachukua wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana, na ikaja njaa ambayo wazee wetu waliiita Mtunya. Bibi mzaa baba alizaliwa humo na kunusurika. Hakueleza kwa vipi, na hakuna aliyemwuliza mara ya pili. Kwenye ramani za mezani hakukuwa na kipande cha mpagazi. Hakuna aliyemchonga wala kumpaka rangi. Namwambia hivyo mpwa wangu bila kumlaumu. Mchezo wake ni wa watu wapole, na yeye mwenyewe hajapigana na mtu tangu darasa la nne. Namwambia ili ajue kwa nini mimi, nikimwona askari akiondolewa mezani, hutazama chini ya meza.

Sasa nilieleze lile jambo.

Mwaka 1994 marehemu mume wangu na mimi tulinunua shamba hapa Mkonze. Palikuwa pori la migunga na mashamba ya uwele, na mjini tulikwenda kwa baiskeli. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini sisi wa huku tuliuhisi nyayoni baada ya 2016, pale ardhi iliyokuwa ya mtama ilipoanza kuuzwa kwa hatua. Kisha ikaja reli mpya, na mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza safari, na mtu mwenye hatua kumi barabarani akawa na fremu za maduka kichwani. Nami nilikuwa nazo. Nilikuwa na fremu tatu, zimechorwa kwenye karatasi ya grafu, na kiinua mgongo kilichobaki kimepangwa hadi tofali la mwisho.

Jirani yangu ni mzee anayenizidi miaka kumi hivi. Tulicheza bao barazani kwake kwa miaka kumi na moja, kila Jumamosi na baadhi ya Alhamisi. Aliyeniita mara ya kwanza ni mkewe, kwa kuwa alichoshwa na kulazimishwa kukaa upande wa pili huku chungu kikiungua. Niliyazoea maisha yale: "Shikamoo mzee." "Marahaba mwalimu, keti ule ulambwe." Mara nyingi nililambwa kweli.

Mei mwaka jana wapimaji walikuja kwa kazi ya urasimishaji. Utaratibu wake ni kwamba majirani husimama mpakani, huonyesha kwa pamoja, hukubaliana na kutia sahihi. Mpaka wetu ulikuwa ua wa minyaa alioupanda mume wangu, na minyaa ile ilikufa zamani kwa ukame na kwato za ng'ombe. Mimi nikaonyesha kisiki. Yeye akaonyesha jiwe. Kati ya kisiki na jiwe ni hatua tatu. Nilikuwa na haki. Naandika hivyo hata leo, maana nilishika maji ya kumwagilia minyaa ile kwa mkono wangu. Yeye akasema mbele ya watu, na mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwamba mjane huota mipaka. Nami nikamjibu neno ambalo mwalimu hamwambii mtu aliyemwamkia shikamoo miaka kumi na moja. Karatasi haikutiwa sahihi. Wapimaji wakaruka viwanja vyetu viwili wakaendelea na vya wengine.

Miezi saba ikapita. Mkewe tulisalimiana: "Mbukwa," naye hunijibu, kwa sauti ya chini kama watu wenye mgonjwa ndani. Mzee alipita. Usiku mmoja nilimtungia ubeti wa matusi, mizani zake zikiwa kamilifu. Nikaurekebisha kwa wiki moja, na kila niliporekebisha tusi moja liliondoka kwa sababu ya vina, hadi nikabaki na huu, ambao sikumpelekea:

Kete imeliwa jana, leo kwako yatumika,
Haikufa, nimeona, upande imegeuka,
Nasi tuliogombana, mipaka tuloiweka,
Njoo, keti hapa tena, bao bado latutaka.

Msinisifu. Ubeti ulikaa kwenye droo na kiburi kikakaa moyoni, na viwili hivyo vilielewana vizuri.

Kilichonitoa ni lile swali la wafu wa plastiki, ingawa si usiku ule ule. Mpwa wangu aliporudi Uingereza niliona kwamba katika hesabu zangu zote za miezi saba, hatua, fremu, matofali, kodi ya mwezi, sikuwahi hata mara moja kuuhesabu ubao kutoka upande wa pili. Nilijua jibu la Babu. Nililichukia.

Asubuhi moja ya Januari, mzee akiwa shambani kupalilia, nilimpelekea mkewe kisahani cha karanga. Akanipa kiti, nikaomba nikae kile cha mzee. Alishangaa, akanipisha. Kutoka barazani kwao nilitazama kisiki changu. Ukivuta kamba kutoka kisiki hadi barabarani, kamba hiyo hupita katikati ya choo chao cha shimo, kile alichokijenga kwa tofali za kuchoma mwaka ule mkewe alipoanza kuumwa miguu. Kilikuwa nyuma ya ukuta wangu. Miaka yote nilikiona bati lake tu. Na mkokoteni wao wa maji, kwa mpaka wangu, ulikuwa hauna pa kupita isipokuwa uanikwe. Mzee hakuwahi kusema habari za choo mbele ya wapimaji. Mwanamume wa umri wake, mbele ya vijana wenye darubini za kupimia, asingeweza kusema kwamba mpaka wake ni miguu ya mkewe. Akasema jiwe.

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Sitaki mdhani kwamba moyo ulilainika papo hapo. Nilichofanya kwanza ni hesabu: nikirudi hatua moja na nusu, choo chao kinabaki chote na mkokoteni unapita kwa taabu, mimi nabaki na fremu mbili na kichochoro kisicho na faida. Fremu moja ni fedha ya maisha. Nililala nayo siku kumi na nne.

Alipokuja mwenyekiti wa mtaa tulisimama tena mpakani, safari hii bila watu. Nikaonyesha mahali kati ya kisiki na jiwe. Mzee alipatazama kwa muda mrefu, midomo yake ikicheza, nami nikajua anahesabu. Akatia sahihi. Neno la msamaha halikutoka kwake wala kwangu, na mwanawe mkubwa anayekaa Dar es Salaam alipiga simu kusema baba yake amedhulumiwa hatua moja na nusu. Dada wa marehemu mume wangu naye ananiambia jambo hilo hilo kwa upande wangu. Wote wawili wana hoja.

Mtafiti Mholanzi, Alexander de Voogt, aliwachunguza mabingwa wa bao Zanzibar na mwaka 1995 akachapisha kitabu kuhusu mipaka ya akili katika mchezo huu, jinsi bingwa anavyoweza kuziona kete zikizunguka kichwani kabla hajazigusa. Nilipata kukisoma kwa sehemu. Mimi si bingwa. Naona mizunguko miwili, mara chache mitatu, kisha ukungu. Katika mambo ya mpaka niliona hatua moja na nusu, na huko mbele sijui kilichopo. Huenda barabara ikapanuliwa ikameza vyote viwili, fremu na choo.

Jumamosi ya kwanza baada ya sahihi sikwenda. Ya pili mkewe alipita uani akisema, kama mtu anayesema na kuku, kwamba kuna mzee anacheza peke yake na kujishinda. Nikachukua kanga, nikaenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu."

Alikuwa ameshapanga kete, sita nyumbani, mbili, mbili, kwangu na kwake. Macho yake siku hizi yana mtoto wa jicho, hivyo anahesabu kwa kugusa, jambo ambalo zamani angeliita aibu, na mimi hujifanya natazama barabarani. Tulicheza bila maneno. Nilikuwa nazo kete kumi na tatu nyumbani, nikawa naogopa safari, nikalala mara mbili nikizilinda. Mara ya tatu aligusa shimo lake, akagusa langu, akarudi kugusa lake, akatia kete moja. Akanila nyumba nzima. Jikoni mkewe alisikia kete zikimiminwa, akacheka, akauliza nani ameliwa.

"Mwalimu," mzee akajibu, akaanza kusambaza kutoka kichwani.